Matawi Niliyookota Njiani

Cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Mimi ni fundi wa magari hapa Likasi, mtu wa spana na grisi, na mambo ya mizimu sikuwahi kuyapa nafasi. Hili nililiona kwa macho yangu, na mke wangu Béa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Yeye akikana, basi mimi ni mwongo.

Nilikuwa na Hiace kuukuu. Nikang'oa viti vyote vya nyuma, nikachomelea kitanda, meza ya kukunja na mahali pa kuweka jiko la gesi, nikaiita hoteli yangu. Majirani walinitania mno. Safari ya kwanza tulipanga kwenda mbuga ya Kundelungu, tulale humohumo garini, kesho yake tuone maporomoko ya maji. Kaka yangu Fidèle angetufuata kwa pikipiki akitoka zamu kiwandani. Binti yetu Naomi tulimwacha kwa nyanya yake, tukaondoka mchana.

Kwetu, gari likiharibika njiani, dereva hukata matawi mabichi na kuyapanga barabarani, moja baada ya jingine, ili anayekuja ajue kuna gari limesimama mbele. Akishatengeneza, anayaondoa. Kila mtu anajua. Sasa, tulipopita Koni na kuingia njia ya vumbi, tukakuta matawi sita yamepangwa vizuri, majani yake bado yanang'aa. Nikapunguza mwendo. Gari hakuna, mtu hakuna. Nikamtukana huyo dereva moyoni na kwa mdomo pia, kwa uvivu wa kuacha uchafu wake barabarani.

Hatukufika mbali. Mkanda wa injini ukakatika kwenye kona, jua linazama. Wa akiba nilikuwa nao, kazi ya nusu saa tu. Ila ilibidi niweke matawi, na panga nilikuwa nimelisahau nyumbani. Wewe ungefanya nini? Nilirudi kwa miguu, nikayaokota yale sita, nikayapanga nyuma ya Hiace yangu. Nilijiona mjanja kabisa.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho Béa aliponigusa bega. Mwanamume alikuwa amesimama penye matawi. Alivaa ovaroli iliyojaa vumbi, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Hatukusikia hatua zake, na njia ile ina kokoto tupu.

“Ulibeba matawi yangu,” akasema. “Kamio yangu iko mu njia. Bantu batagonga.”

Kamio ni lori, na bantu ni watu. Nikatazama nyuma yake, barabara ilikuwa wazi mpaka inapopinda. Nikadhani amelewa.

“Papa, kamio haiko,” nikamjibu. “Na pori yote hii iko na matawi. Kata yako.”

“Ulibeba matawi yangu. Kamio yangu iko mu njia. Bantu batagonga.”

Sauti ileile, pumzi ileile. Giza lilikuwa linaingia, nikawasha tochi ya simu nimwone uso. Niamini, mwanga haukuishia kwake. Ulimpita, ukaangaza nyasi zilizokuwa nyuma ya kifua chake, nikaona hata panzi ametua kwenye unyasi.

“Muregeshee, Papa Naomi,” Béa akaninong'oneza. “Tuyarudishe kwenye yalikuwa.”

Ningeweza. Yalikuwa matawi sita na mwendo wa dakika tano. Lakini kuyaokota kulitaka niiname miguuni pake, na hilo lilinishinda. Nilimvuta Béa ndani, nikawasha gari. Kwenye kioo, kwa wekundu wa taa za nyuma, nikamwona ameinama anajaribu kuokota tawi. Mkono wake ulipita ndani ya tawi. Akajaribu tena, ukapita tena.

Tulikuwa tumekwenda kilomita chache Béa alipomkumbuka kaka yangu, akasema, “Yaya Fidèle anakuya nyuma.”

Nilijua. Nilijua tangu nilipowasha gari. Mtandao wa simu haukuwepo. Béa akaniomba turudi, akalia, akanipiga begani. Niliogopa, nakwambia ukweli, nikakanyaga mafuta mpaka lango la mbuga. Tulikaa macho juu ya kitanda changu cha kuchomelea mpaka kukapambazuka, kila mlio tukitamani uwe wa pikipiki.

Fidèle aliletwa asubuhi na wachoma makaa, amelazwa juu ya magunia yao, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili. Walimkuta katikati ya barabara. Mbele yake hapakuwa na kitu chochote.

“Niligonga kamio,” akaniambia. “Ilisimama tu mu njia, mu giza, bila tawi hata moja. Muntu gani anafanya vile?”

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Mguu haukuunga vizuri na kazi ya kiwandani imemshinda. Siku hizi anashinda gereji kwangu kwenye kiti cha plastiki. Kila dereva wa lori anayeingia, Fidèle anamuuliza ni nani aliyeharibikiwa na gari upande wa Koni jioni ile. Hana ugomvi, anasema, anataka tu kumtazama usoni. Ananiomba na mimi niulize kwa mafundi wenzangu. Naenda. Nazunguka mjini saa nzima, narudi namwambia huyo mtu bado hajapatikana. Béa akisikia hivyo hunitazama, kisha anaingia ndani.

Basi wewe unayesafiri, ukikuta matawi yamepangwa na gari hulioni, usicheke na usiyaguse. Punguza mwendo, pita pembeni taratibu kama unalikwepa lori. Lipo, na nyuma yako kuna ndugu wa mtu anakuja.