Siku Niliyong'oa Kitufe cha Masanja

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Sinywi, sijawahi, na yaliyonipata Maganzo, mji wa machimbo, yalinipata saa kumi alasiri, jua linawaka, ukumbi umejaa watu. Sikiliza, kisha uamue mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa napiga gitaa la pili kwenye bendi yetu ndogo. La solo alipiga Masanja, mtu mkubwa, mkono mzito, mpenda ugomvi. Mchimbaji mmoja wa almasi alimchoma kisu cha ubavu, Masanja akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Nikapewa nafasi yake pamoja na kile kisanduku chake cha chuma cha kukanyaga, tulichokiita fazi. Ukikikanyaga, gitaa linanguruma. Kilikuwa na kitufe kimoja cha kuzungusha. Ukikipeleka kulia, mngurumo unazidi.

Jumapili ya kwanza ukumbini nilikiweka kitufe katikati. Wimbo haujafika mbali, sauti ikapanda yenyewe. Natazama chini, kitufe kimefika mwisho wa kulia, na mguu wangu haujakigusa. Hapo hapo wanaume wawili wakashikana makoo mbele ya jukwaa. Nikadhani ni bahati mbaya tu. Jumapili iliyofuata kikapanda tena, na safari hii chupa ilivunjwa, mtu akatobolewa jicho. Damu ilirukia nyuzi zangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mimi ufundi wa redio naujua. Nikafungua kisanduku. Kitufe kile kwa ndani kina miguu mitatu. Nikakiweka pale sauti iliponipendeza, nikaking'oa bila kukisogeza, nikapima kwa mita ya umeme kutoka mguu wa kati hadi kila mguu wa pembeni. Kwenye redio mbovu nikapata rizista mbili za vipimo hivyo, vile vijiti vidogo vya kupunguza umeme, nikapasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikazilehemu mahali pake. Kitufe nikakitupa chooni, tundu nikaliziba kwa bati. Rizista haizungushwi, nikajiambia. Sauti itabaki pale pale.

Jumapili ya tatu, niamini, Masanja alikuja. Alipita katikati ya wachezaji na shati lile tulilomzika nalo, limelowa ubavuni. Hakuna aliyempisha, hakuna aliyemgusa. Akapiga magoti miguuni pangu, akapapasa kisanduku, akapapasa lile bati. Akainua uso.

"Kiko wapi?"

Akasimama, akanishika sikio, akaanza kulizungusha kwenda kulia, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni. Nilisikia nyama ikichanika. Mngurumo ukapanda kichwani mwangu, ukapanda, mpaka nikaanguka. Wenzangu wanasema waliniona napiga mayowe peke yangu, sikio linaning'inia, na ukumbini watu wanapigana kwa viti.

Kesho yake mjane wake, Mama Kabula, alikuja wodini.

"Pole, shemeji. Nani kakufanya hivi?"

Nikamweleza yote, nikijua atanicheka. Hakucheka. Akasogeza khanga aliyojitanda kichwani. Sikio lake la kulia lilikuwa limekunjamana, limeshonwa vibaya.

"Kila nilipomjibu Masanja," akasema. "Miaka sita. Na ninyi mko chumba cha pili, mnapiga mazoezi. Nikilia, mnaongeza sauti."

Niligeuzia uso ukutani. Tulikuwa tunamsikia.

Kisanduku alikichukua yeye, akakiponda kwa nyundo uani kwake. Mimi sijashika gitaa tangu siku ile. Sikio walilishona, lakini halisikii kitu isipokuwa ule mngurumo, usiku na mchana, hata sasa ninapoongea na wewe.

Kwa hiyo ukirithi kitu cha marehemu, usikimbilie bisibisi. Nenda kwanza kwa aliyeishi naye, umuulize alikuwa mtu wa namna gani. Na ukimsikia mtu analia chumba cha pili, nenda ukagonge mlango leo hii, angali hai aweze kukufungulia.