Jina Alilolificha Mahabusu

Kilio kimoja kilipasua usiku: jirani yangu alikuwa amepoteza mimba ya pili. Asubuhi nilimpelekea mumewe habari mahabusu, katika gereza ninalolinda hapa Bariadi. Kabla ya kukamatwa, mtu huyo alikuwa akipakia magari ya wanunuzi wapya wa pamba. Nilimkuta mbele ya muuguzi anayewapima mahabusu wote magonjwa ya zinaa.

"Baba, wewe umeshachomwa sindano ya kaswende. Mwenzako je? Mwezi wa tatu huu nakuuliza jina."

"Atajua ni mimi niliyemletea, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kaswende inaua watoto tumboni."

Nikamweleza mume huyo ya usiku. Alikunja pindo la shati, akalikunjua, akalikunja tena. Sisi humfunga mtu, ugonjwa wake ukabaki nyumbani, huru.

Muuguzi akashika kalamu.

"Mbuke," mahabusu akasema. "Mke wangu anaitwa Mbuke."