Uso wa Kupimia Skrini

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mtengenezaji wa picha. Si mpigaji. Wapigaji anawaona ni watu wa kubonyeza tu. Yeye ndiye anayepelekewa picha zikishapigwa, akajifungia nazo katika kichumba cha nyuma ya nyumba, akazifuta madoa, akawarudishia watu rangi zao, akamwondolea bibi harusi chunusi iliyochagua siku ileile kujitokeza, kisha akazituma kwa mchapishaji. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zina picha ukutani zilizopita mikononi mwake, na wenye picha wanaamini ndivyo walivyo.

Kwenye mambo ya rangi wifi hana unyenyekevu hata chembe. Amewahi kunirudisha nyumbani kutoka mlangoni kwake nikabadilishe kitambaa cha kichwa, eti kinagombana na gauni. Nikijitetea ananiambia ninyamaze, maana mimi nafundisha watu udereva, na kazi yangu yote inahitaji rangi tatu tu, nazo zinawashwa na serikali. Nimevumilia dharau hiyo miaka mingi. Sitaficha kwamba miaka hiyo yote nilikuwa naisubiri siku atakayokosea.

Siku hiyo ilianza kwa simu. Mchapishaji, mtu mpole anayeongea kama yuko msibani, alimwambia kwamba watu wanatoka kwenye picha wakiwa na rangi ya bluu. Bwana harusi mmoja alionekana kama aliyetolewa kwenye jokofu. Mara ya kwanza wifi alisema ni wino. Mara ya pili akasema ni karatasi. Mara ya tatu mchapishaji akaacha upole, akamwambia amletee picha moja ya mfano kabla mwezi haujaisha, picha ya mtu mwenye rangi ya mtu. La sivyo kazi zake zote atampa fundi mwingine, na karibu kazi zote za wifi zinatoka kwa bwana huyo.

Wifi akaja kwangu, hakukaa hata kwenye kiti. Alisema kompyuta imemsaliti. Nikatazama mikono yake, ilikuwa inatafuta pa kushika. Sijawahi kumwona na hofu, na sikuipenda hali ile kabisa. Nimezoea kugombezwa na mtu aliyesimama imara.

Kompyuta yenyewe kweli ilikuwa imezeeka. Feni yake ilinguruma kama inapanda mlima, na ukiifungulia picha kubwa unaweza kwenda kuoga ukarudi ukaikuta inafikiri. Tukakubaliana anunue kompyuta mpya ya mezani na skrini mbili, moja ya picha na moja ya kupangia vifaa vyake. Mimi nikatoa gari la shule ya udereva, lile lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Na kaka akaambiwa ajiandae, kwa sababu yeye ndiye kipimo.

Hapo inabidi nieleze. Tangu waoane, wifi anapimia rangi kwa uso wa mumewe. Anasema ni uso wa weusi wa katikati, haung'ai, haubadiliki, na daima uko karibu. Kila kazi kubwa ikikaribia kuisha, anamwita kaka kutoka karakana yake ya kutengenezea sofa hapo uani, anampiga picha, anamkalisha kwenye stuli kando ya skrini. Kaka wa kwenye stuli na kaka wa kwenye skrini wakifanana, basi na watu wengine wako sawa. Kaka huja na nyuzi zimemganda suruali, anakaa, anatazamwa, anarudi kwenye sofa zake. Hajawahi kuuliza anafanyiwa nini.

Kwa safari ile ya madukani masharti yaliongezwa. Kaka alikatazwa jua wiki nzima. Akiwa anabeba mbao uani anavaa kofia pana ya mkewe ya kwendea bustanini, na majirani wanamsalimia kwa heshima ya kupita kiasi. Hata kunyoa ndevu akakatazwa, ati wembe unaupa kidevu mwanga. Kaka alitii yote huku akitabasamu peke yake.

Duka la kwanza muuzaji alimpokea kama mama anayetafutia watoto mashine ya michezo. Wifi akamwacha aongee mpaka akaishiwa, kisha akamwambia anachotaka: memori kubwa, kwa sababu picha zake zina tabaka juu ya tabaka, kadi ya picha yenye nguvu, diski mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki na kazi za watu, na kasha linalofunguka bila ugomvi. Halafu akainama akaweka sikio kwenye kasha, kusikiliza feni. Muuzaji alianza kumwita mama kwa sauti nyingine. Kompyuta ikapatikana hata chai haijapoa.

Skrini ndizo zilizotutesa. Kaka alikalishwa mbele ya kaunta, kwenye stuli yake tuliyokuja nayo, picha yake ikafunguliwa kwenye skrini zote zilizopangwa ukutani, sura moja kubwa na ndogo, zote zimeshangaa. Wateja wakaanza kujaa. Mama mmoja aliniuliza kama ukinunua skrini unapewa na mzee. Nikamjibu kwamba mzee ana mwenyewe. Wifi alipita skrini hadi skrini, kila moja akaikataa hata kabla ya kumgeukia kaka wa kwenye stuli. Zote, alisema, zina manjano, kama mtu amezimwagia chai. Muuzaji akaingia kwenye mipangilio akaanza kupunguza manjano, akapunguza, akapunguza, mpaka machoni pangu kaka akawa kama mtu aliyezama mtoni juzi.

"Sasa inakuja," wifi akasema.

Mimi na muuzaji tukatazamana. Nikamwambia wifi, kwa adabu zote nilizonazo, kwamba kaka amekuwa wa bluu. Akaniambia nibaki na rangi zangu tatu.

Duka la pili lilikuwa na skrini pana zilizopinda, muuzaji wake akasema ndizo wanazotumia watu wa filamu. Wifi akasema basi watu wa filamu nao wana manjano. Huku nyuma kaka alikuwa amekigeuza kiti cha duka miguu juu, amekipapasa tumbo, na anamweleza mwenye duka kwamba ndani wamejaza vipande vya magodoro. Tuliondoka pale bila kuagwa.

Duka la tatu wifi alilegea kidogo. Kulikuwa na skrini mbili pacha, uso wake haurudishi mwanga, miguu yake inapanda na kushuka vizuri kwa mtu mfupi kama yeye. Akaikubali miguu. Akafungua picha, akamtazama kaka wa kwenye skrini, akamtazama kaka wa kwenye stuli, akarudi kwenye skrini, akarudi kwenye stuli. Alikaa hivyo muda mrefu sana. Kisha akamsogelea mumewe, akamvuta kope ya chini kwa kidole.

"Baba watoto," akasema taratibu, "umekuwa wa manjano."

Mawazo yake yalikwenda hivi, na nayaeleza kama alivyotueleza yeye pale dukani, machozi yakimtoka. Skrini zote hazina kosa. Aliyeharibika ni kaka. Ini lake linaumwa, linaumwa tangu picha zilipoanza kurudishwa, na yeye, mke wake, kila mara anamkalisha kwenye stuli, anamkodolea macho, na hakuona. Amewapimia watu wote kwa uso wa mgonjwa. Kaka alisema anajisikia vizuri tu. Wifi akasema hivyo ndivyo wasemavyo wagonjwa wa ini.

Sasa mtu akikuambia kaka yako anakufa, na huyo mtu ndiye mwenye macho ya ukoo mzima, unafanya nini? Nilimtazama kaka, nikaanza na mimi kuyaona manjano. Niliendesha gari siku hiyo kwenda hospitali kwa namna ambayo mwanafunzi wangu angenifanyia ningemshusha njiani. Kibao cha paani kilitusaidia, watu walitupisha wenyewe.

Daktari alikuwa mama mmoja asiyeharakishwa na kitu. Alimtazama kaka macho, ulimi na viganja, akambonyeza tumbo, akamtuma akatolewe damu. Tukasubiri kwenye benchi, wifi amemshika kaka mkono kama anayevuka naye barabara. Majibu yakaja: ini zima, damu nzuri. Wifi hakukubali. Alimwomba daktari amwangalie mgonjwa karibu na dirisha, penye mwanga wa haki. Na akiwa hapohapo akamshauri, kwa nia njema, abadilishe sabuni, maana hata koti lake limeshika manjano.

Daktari akalitazama koti lake. Akanitazama mimi. Lilikuwa jeupe pe. Akamwambia kaka ainuke, akamkalisha wifi kwenye kile kiti, akachukua kitochi. Alimmulika jicho moja, akammulika la pili, akarudia. Akamuuliza kama taa za usiku anaziona zimezungukwa na duara. Wifi akasema taa za siku hizi ni mbovu. Akamuuliza kama nguo nyeupe zinamsumbua kutakata. Kabla wifi hajajibu, kaka, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatoa maoni yake zaidi ya yale ya kiti, akasema mashuka yanafuliwa mara mbili.

"Una mtoto wa jicho, mama," daktari akasema. "Macho yote mawili. Lenzi zimeingia ukungu na zimegeuka manjano. Mzee wako hana kitu."

Nilikwisha sema kwamba siku hii niliisubiri. Kicheko cha siku hiyo nilikitunza miaka mingi, nacho nilikuwa nakijua kitakavyokuwa. Kikakataa kutoka. Wifi alikuwa ameiweka mikono mapajani, anaitazama kama ya mtu mwingine.

"Mimi kazi yangu ni macho," akasema. "Sina nyingine."

Niliingiwa na huruma mpaka nikajichukia. Daktari akamwelewesha kwamba jambo lenyewe linatibika, lenzi ya zamani inatolewa, inawekwa mpya, jicho moja kwanza, na la pili baadaye. Wifi akafuta machozi. Akauliza hiyo lenzi mpya ina rangi gani. Daktari akasema haina rangi, ni safi kama maji. Wifi akauliza ni safi kwa macho ya nani, na kama ni ile inayorudisha mwanga au isiyorudisha. Nikajua atapona.

Mchapishaji nilimpigia mimi mwenyewe. Nilimweleza yote, nikaongeza na machozi ambayo sikuwa nayo, akakubali kusubiri picha ya mfano mpaka bandeji itoke. Ila alisema ni hiyo moja tu, hatakuwa na nyingine ya kusubiri.

Bandeji ilipotolewa nilikuwepo. Wifi alifumbua jicho, akapepesa, akalifunika kwa mkono lile la zamani, akaanza kuukagua ukuta, shuka, dari, muuguzi. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi yangu ninayoipenda kuliko zote, nimeivaa kwa heshima ya siku yenyewe. Akanitulizia jicho jipya kwa muda, kisha akaniuliza kama nimeivaa ile blauzi mbele za watu. Nilifurahi nusura nimkumbatie pamoja na daktari.

Tulirudi duka la tatu. Muuzaji alipotuona na stuli yetu alitafuta kazi ya kufanya stoo. Hakukuwa na haja. Wifi aliliziba jicho la zamani kwa kiganja, akazitazama zile skrini pacha, akasema ndizo, na mipangilio isiguswe. Kompyuta yenyewe tukaipitia duka la kwanza, ikapakiwa kwenye gari, skrini kaka akazipakata njia nzima.

Kichumba cha nyuma kikapangwa upya. Mashine ikawashwa, haikutoa hata mnong'ono, na wifi akampiga kaka picha mpya, akamkalisha pembeni, akaifungua. Nilisimama mlangoni. Rangi ilikuwa ileile, kwenye stuli na kwenye skrini, hata mimi wa rangi tatu niliiona. Nikadhani tumemaliza.

Wifi hakuwa amemaliza. Aliisogeza picha karibu, akapita nayo chini ya macho, pembeni ya mdomo, kwenye mvi zilizozunguka masikio. Halafu akageuka, akamtazama kaka mwenyewe.

"Haya yote yamekuja lini?" akamuuliza.

"Taratibu," kaka akasema. "Ulikuwa unanipendelea."

Kwa mazoea mkono wa wifi ulikwishakwenda kwenye kipanya, na mshale ulikuwa umesimama juu ya kunyanzi la kwanza, pale anapoanzia siku zote kuwafanya watu vijana. Kaka alikaa tu, ameweka mikono magotini, anasubiri afutwe kama wengine. Wifi akaondoa mkono. Akaangalia rangi mara moja tena, akaituma ile picha kama ilivyo.

Mchapishaji alipiga simu siku iliyofuata, sauti ya msibani imempotea. Alisema hiyo ndiyo rangi, kazi zinaendelea, na nyingine anazituma leo. Ila alitaka kujua jambo moja, akauliza kwa woga, kama fundi amesahau kuondoa makunyanzi ya mzee.

Wifi akamjibu kwamba hakusahau. Alisema hayo makunyanzi ndiyo kwanza ameyaona, na bado anayatazama.