Karabai Badala ya Mbegu

Harufu ya mafuta ya taa yaliyopata moto bado hunifanya nitoke nje. Si harufu mbaya. Wengi wa rika langu wanaipenda kwa sababu inawakumbusha harusi na mkesha wa Noeli, maana kwetu Kibabi, katika milima ya Masisi, karabai iliwashwa siku kubwa tu. Mimi inanirudisha kwenye msimu mmoja wa mvua nilipokuwa na miaka kumi, kambini, ukingoni mwa msitu wa kuelekea Walikale. Nasikia tena mlio wake usiokoma, kama chungu cha maharagwe kinachokaribia kufurika.

Papa yangu, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa katekista, mwalimu wa dini, na karabai ilikuwa ya kanisa. Ilining'inia kwenye boriti ya kikanisa chetu cha mbao, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa isipokuwa yeye. Kuiwasha kulikuwa ibada kamili. Alijaza mafuta, akafuta kioo kwa kitambaa cheupe, kisha akamimina pombe kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya utambi ili taa ipate joto kwanza. Spiriti ya duka ilipokosekana alitumia kanyanga, pombe kali ya kienyeji, na kwa kuwa Papa hakuwahi kuonja pombe maishani mwake, vijana walimtania kila alipotumwa mtu kuinunua: "Papa Katekista, leo taa njo inakunywa ao ni weye?" Alicheka nao, huku akipiga pampu. Utambi wenyewe ulikuwa kimfuko cha nyuzi laini. Ukishaungua mara ya kwanza unabaki majivu matupu yaliyoshika umbo la mfuko, na majivu hayo ndiyo yanayotoa ule mwanga mweupe. Ukiugusa kwa ncha ya kidole, umekwisha. Papa aliweka utambi mmoja mpya wa akiba kati ya kurasa za kitabu chake cha nyimbo.

Siku ya kukimbia ilikuwa asubuhi, tukiwa tunasubiri mvua za kupanda. Risasi zilianza upande wa juu wa kijiji zikateremka haraka. Mama alimfunga mgongoni mdogo wangu Jeremi, wa miaka miwili, akachukua sufuria na jembe, mimi nikabebeshwa blanketi na unga. Kazi ya Papa ilijulikana katika kila nyumba ya wakulima kwetu: mwanamume huchukua mbegu. Maharagwe yetu ya mbegu yalikuwa kwenye mfuko uliotundikwa juu ya mafiga, yakikaushwa na moshi yasitobolewe na wadudu. Papa alitoka mbio, sisi tukatangulia mtoni. Alipotufikia kule mtoni alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge, na Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, mpaka kitenge kilipofunguka na kioo kikang'aa.

"Papa Riziki," Mama alisema polepole, akimwita kwa jina langu, "mbegu iko wapi?"

"Hii taa haiko yangu, iko ya kanisa. Singeweza kuiacha baichome."

"Na mbegu iko ya nani? Haiko ya batoto? Sasa tutakula taa?"

Papa aliifunga tena taa. Maji yakimwagika hayazoleki, na nyuma yetu moshi ulikuwa tayari unapanda. Tulitembea siku tatu. Karabai ilifika na kioo kizima, lakini utambi ulikuwa umevunjikavunjika, hivyo ule wa akiba ukatoka katika kitabu cha nyimbo.

Nitasema ukweli ambao sijawahi kumwambia Mama: niliipenda taa ile kambini kuliko nilivyoipenda kanisani. Tulikuwa familia nyingi katika vibanda vya majani, watu wasio na kitu, na giza la msitu huingia mapema. Jioni Papa alitundika karabai juu ya mti uliochomekwa katikati ya kambi, na wote wakasogea. Kila nyumba ilitoa mafuta kidogo katika yale waliyookoa. Walisali, akina mama wakasukana, watoto wakacheza kwenye duara la mwanga, na mimi nilikaa karibu kabisa na mti ule, binti wa mwenye taa, nikiwaambia wenzangu wasikaribie sana. Nilijiona mtu mkubwa. Sikujua kwamba tayari tulikuwa maskini kuliko wote pale.

Wenyeji wa msituni walikuwa na huruma, wakaikatia kila familia kipande cha ardhi. Mvua ya kwanza ikanyesha. Jioni zilizofuata wanawake walikuja na mifuko yao ya mbegu wakaimwaga kwenye ungo chini ya karabai yetu, kwa sababu kuchambua mbegu kunataka mwanga mzuri: lazima uone kitundu cha mdudu, uone mkunjo wa ngozi. Mama alikaa nao akichambua mbegu za wengine, mikono yake ikienda kasi kuliko yote. Kwetu mbegu haiazimwi baada ya mvua ya kwanza. Wazee husema atakayeitoa nyumbani ametoa na mavuno yake. Wangempa Mama kiazi, wangempa muhogo uliopikwa, na walimpa, lakini punje za kupanda hakuna aliyempa. Kila jioni alisimama akakung'uta kitenge chake mbele yao wote, ili asidhaniwe ameficha hata moja, akarudi kibandani mikono mitupu. Na sisi ndio tuliowamulikia! Mpaka leo nikikumbuka hasira hunipanda, ingawa najua njaa haina ujirani.

Mashamba ya wenzetu yalipoanza kutoa majani, nywele za Jeremi zilianza kuwa nyekundu. Kisha miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Watu walisema ni bwaki, ugonjwa wa mtoto aliyekosa chakula cha kumjenga, na kwamba dawa yake ni maharagwe, maziwa, mayai. Wakati huo alipita mfanyabiashara mmoja aliyewauzia vyakula wachimbaji wa madini kule Omate. Aliiona taa ikiwaka, akasema angeitaka kwa kambi yake, angeilipa kwa gunia zima la maharagwe. Papa akakataa. Alisema mwenye taa ni Mungu, na Mungu hamtupi mja wake. Mama hakugombana naye. Alimlaza Jeremi kwenye mapaja ya Papa, akamweka vizuri, kisha akatoka nje akaanza kukata kuni.

Papa alikaa na mtoto yule mpaka jioni. Siku hiyo karabai haikuwashwa. Kulipokucha aliifunga kwa kitenge kilekile, akaanza safari ya Omate, mwendo wa siku mbili. Alikuwa amekosea, na kosa lake lilikuwa la mtu aliyezoea taa iliyotulia kwenye boriti: alidhani mwendo wa pole ungetosha kusafirisha utambi uliokwisha kuungua. Alitembea kama mtu aliyebeba yai, alitueleza baadaye, akaivusha mito akiwa ameiinua juu ya kichwa. Kwenye daraja la gogo aliteleza goti moja tu. Alipoifungua mbele ya mfanyabiashara, ndani ya kioo kulikuwa na unga mweupe.

"Papa, umeniletea chuma," yule mtu alimwambia. "Taa bila utambi iko chuma tu. Huku porini nitapata utambi wapi?"

Aliichukua hata hivyo, kwa mabakuli mawili ya maharagwe. Papa alirudi mbio usiku na mchana. Alitukuta tunatoka kumzika Jeremi, udongo ukiwa bado kwenye jembe. Hakuna aliyelia alipofika, tulikuwa tumekwisha kulia. Mama alipokea maharagwe, akayatazama moja moja kama alivyofanya na ya wengine, na badala ya kuyapika akaenda kuyapanda. Msimu ulikuwa umepita. Yaliota, yakatoa majani mengi, hayakuzaa.

Papa aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakukubali tena ukatekista, wala Mama hakumlaumu kwa maneno. Alimlaumu kwa kila msimu wa kupanda, akining'iniza mfuko wa mbegu juu ya moto huku akimwangalia. Mimi nikakua nikijua jambo moja kwa uhakika: siku ya kukimbia, beba mbegu.

Siku hiyo ilirudi, kama inavyorudi kwetu. Nina binti wa miaka kumi sasa, na Mama ni mzee ninayemshika mkono. Nilichukua mfuko wa mbegu kabla ya nguo, kabla hata ya sufuria, na nikaubeba mpaka hapa tulipo, kambini, juu ya mawe meusi ya volkano. Taa si shida tena. Kila kibanda kina kitaa cha umeme wa jua cha kutoshea kiganjani, hakina mlio wala harufu, na binti yangu hawezi kuamini kwamba mtu aliwahi kuhangaika na mwanga. Kinachokosekana ni udongo. Nilitafuta mahali pa kuchomeka hata punje kumi, jembe likatoa cheche.

Wiki ya tatu nilizichambua kwa mara ya mwisho, Mama akinisaidia ingawa macho yake hayaoni vizuri, kisha nikazitia kwenye chungu cha maji, zipikwe. Mama alinusa chungu.

"Basi Papa yako hakukosa," akasema.

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu utoto, nikidhani yatanipoza. Yamenivunja. Maana kama Papa hakukosea alipobeba taa, na mimi sikukosea nilipobeba mbegu, basi hakuna kitu cha kubeba kinachotosha, na hakijawahi kuwapo. Sijui nimfundishe nini huyu mtoto kwa siku yake ya kukimbia. Nilimpakulia yeye kwanza. Alikula yote, akaomba tena.