Lila na Mchezo wa Kampuni ya Sabuni

Kwa miaka kumi na minne Haika Mushi, mzaliwa wa Moshi, amekuwa akitunza wazee majumbani mwao huko Edmonton, kaskazini mwa London. Katika wote, aliyemkaa moyoni ni Lila, Mmarekani wa miaka tisini na minne aliyekuwa akichanganya leo na zamani.

Kila alasiri, chai ikiwa mezani, Lila aliondoka sebuleni bila kuinuka kitini. Alirudi New York, kwenye studio ya televisheni, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Kila wiki ulioneshwa mchezo mpya wenye watu wapya, moja kwa moja hewani. Mfadhili alikuwa kampuni ya sabuni, na jina lake lilitangulia hata jina la mchezo.

"Niliigiza mjane, nikasahau maneno," alimwambia Haika siku moja. "Watu nchi nzima wananitazama, mimi kimya. Wenye sabuni hawakuniita tena."

Haika akaingiwa na huruma. Akaandikia hifadhi moja ya filamu Marekani. Baada ya miezi mitano akatumiwa kipande kilichorekodiwa zamani kutoka kwenye kioo cha televisheni.

Walikitazama kwenye simu. Kwanza sabuni, mwanamke akitabasamu katikati ya mapovu. Kisha chumba cha rangi ya majivu, na msichana kashika koti la mwanamume. Midomo ikafunguka, neno halikutoka. Akalinusa lile koti, taratibu. Haika alihisi sebule imejaa maji, nao wawili wanaelea.

"Mama, huyu ni mjane kweli," alisema, machozi yakimtoka. "Nilipopigiwa simu kwamba baba amefariki, nilikaa hivyohivyo ndani ya basi mpaka mwisho wa njia."

Lila akamkazia macho msichana yule. "Ni nani?"

"Ni wewe."

"Anaijua kazi yake," Lila akasema, akaomba warudie. Walirudia mara nne, chai ikapoa.

Lila alifariki mwezi wa Mei, usingizini. Siku hizi, kila Jumamosi, Haika huenda Woolwich, ambako Watanzania wenzake wanaandaa mchezo wa kuigiza kanisani. Amepewa nafasi ya shangazi mgomvi. Binti yake Gaudensia humcheka kwa Kiingereza. Yeye hukariri tu, paji la uso kwenye dirisha la treni, nyumba za matofali zikipita.