Fuwele ya Mama Barafu

Wifi yangu wanamwita Mama Barafu kwa sababu ya kazi yake: anagandisha vitu maabarani. Siku ya kumzika mumewe, kaka yangu tumbo moja, akaenda kazini. Jamani! Nyumbani pamejaa watu, jeneza liko sebuleni, mjane hayupo. Nikavaa viatu nikamfuata.

Nilimkuta mbele ya skrini, glovu mkononi, uso mkavu.

"Wifi, twende. Unasubiriwa wewe tu."

"Bado. Naipasha."

Akanieleza, utadhani ndicho nilichofuata. Ndani ya chombo kilichokuwa pembeni yake mna fuwele, kijiwe chenye tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Jana aliigandisha kwa naitrojeni. Leo anaipandisha joto taratibu huku wanaipiga eksirei, waone inameza mionzi kiasi gani, kwa sababu ikipata joto elektroni zake zinahama vyumba. Ukiharakisha, au ukizima ghafla, gundi iliyoishikilia inavuta na fuwele inapasuka. Na hawana nyingine.

"Kaka yangu naye kahama," nikamwambia. "Hilo hulioni?"

Akarudisha macho kwenye skrini. Sikio la kufa halisikii dawa. Hasira zilinipanda.

Binti mtafiti aliyekaa meza ya pili, mwenye fuwele yake, akageuka. "Kuna nini?"

Kumbe wifi hakuwaambia! Asubuhi kaingia, kasalimia, kavaa glovu, basi.

"Mume wake anazikwa leo," nikasema.

Binti akashika mdomo. "Mama, zima. Nenda."

"Itapasuka."

"Ipasuke!"

Wifi hakuinuka. Akasema kwa sauti ileile ya kusomea nyuzi joto: "Tangu alipokata roho sisikii kitu. Hata njaa. Hapa angalau najua la kufanya. Nikizima, nifanye nini?"

Hasira zikaniisha. Nikavuta kiti, nikampigia mdogo wetu. "Msimzike. Tunakuja." Akaanza kunifokea, nikakata.

Tukakaa, tunatazama mstari wa joto ukipanda kidogo kidogo kwenye skrini. Hakuna aliyemhimiza tena. Ndipo mwenyewe akanyoosha mkono, akazima. Mstari ukayumba, ukaanguka.

"Imepasuka," akamwambia binti. "Nisamehe, mwanangu."

Binti alitikisa kichwa tu, machozi yanamtoka. Wifi hakulia. Akavua glovu, akazikunja, akaziweka mahali pake. Mlangoni akasimama, mlango anaoupita kila siku.

"Wifi, nishike mkono," akasema. "Miguu siisikii."

Nikamshika. Ulikuwa wa baridi, na sikuuachia hadi kaburini.