Kiangazi Baba Alipoacha Sigara

Jumapili iliyopita nilimnyang'anya mjomba wa mume wangu sigara mdomoni. Ndiyo, mdomoni, mbele ya watu, kwenye karamu ya ubatizo, nikaitupa ndani ya beseni ya kunawia mikono. Alikuwa amempakata binti yangu wa miezi minne, anamwimbia, na kila ubeti ulimfikia mtoto usoni pamoja na wingu lake. Nilimwomba mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya pili nikamwomba kwa heshima iliyopungua. Mara ya tatu mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nyumba nzima ikapiga kelele: mke gani huyu, masista walimfundisha nini! Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka, na njiani badala ya kulia nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu, maana nilimkumbuka baba yangu na kile kiangazi chetu. Kaa hapa, ndugu yangu, nikuhadithie.

Ilikuwa wakati wazungu wanapigana kwao Ulaya, nami nilikuwa na miaka minane. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, hapa hapa Kindu. Ukiniuliza asubuhi yetu ilikuwaje, nitakuambia ilikuwa na filimbi ya depo, halafu vinu vya sombe, majani ya muhogo, vikipigwa mlango kwa mlango, halafu harufu ya mawese yakichemka na samaki wa mto Lualaba juu ya makaa. Nyumba zilikuwa za matofali, vyumba viwili, na dirisha moja dogo kama kitabu cha nyimbo. Mvua ikinyesha, mlango unafungwa. Mbu wakija, mlango unafungwa. Jirani mwenye mdomo akipita, mlango unafungwa. Yaani ulifungwa siku zote.

Baba yangu kazi yake ilikuwa kusafisha masini za gari la moshi. Masini ina mabomba mengi tumboni, moto unapita humo, na masizi yakijaa masini haina pumzi, haivuti hata behewa moja. Basi baba aliingia na burashi ndefu kuliko yeye, akayatoa masizi yote, akarudi nyumbani mweusi mpaka ndani ya masikio. Alioga, akakaa, na rafiki zake wa kazi wakaja, pamoja na kapita wao, mnyapara mnene aliyependa kiti chetu chenye mikono. Wakavuta sigara ndani, mlango umefungwa, mpaka uso wa mtu wa mbele yako unauona kama mtu wa ng'ambo ya mto siku ya ukungu.

Na nani aliwawashia? Mimi. Kwetu mkubwa hakuinuka kutafuta moto wakati mtoto yupo. "Mama, uniwashie," baba alisema, kwa sababu kwetu binti huitwa mama, nami nikachukua sigara nikakimbia jikoni, nikaichomeka kwenye kaa, nikaivuta mara mbili, tatu isizimike njiani. Hakuna mtoto kambini aliyenishinda. Sigara yangu ilifika inawaka vizuri, na kapita alinisifu mbele ya watu. Nilijiona mtu.

Na nilikuwa nakohoa. Kifua changu kilipiga filimbi kila jioni, mbavu zikaingia ndani, mabega yakapanda. Tate, mama mzazi wa baba, alikuwa na dawa yake, dawa ya zamani, watu wote walikuwa nayo: moshi wa tumbaku. "Nyoka haingie mu nyumba yenye moshi," alisema, "na kohozi ni vilevile." Basi nililazwa kifudifudi juu ya mkeka, baba akavuta sana, akanipulizia mgongoni, kwenye utosi, masikioni. Nikizidi kukohoa, tate alisema, "Umeona? Ugonjwa unapigana. Ongeza!" Naye akaongeza, maskini, kwa mapenzi yake yote. Akina mama wa kambi wakaanza kumletea watoto wao wachanga awapulizie. Baba yangu alikuwa muganga!

Ndipo kiangazi kikaja, na baba akapelekwa Kibombo majuma matatu kutengeneza masini iliyolala huko. Rafiki zake hawakuja, maana nyumba isiyo na mwenyewe hawakai ndani yake. Ndugu yangu, siku ya tano niliamka nikasikia kitu cha ajabu: sikusikia kitu. Kifua kimya. Nilikimbia! Nilishindana na mabehewa ya mizigo kutoka ghala mpaka kwenye daraja dogo, mimi ambaye sikuwa nikifika hata kisimani bila kuketi. Nilipanda kichuguu nikapiga kelele bure tu, kwa utamu wa kupiga kelele.

Baba alirudi na karanga na mikungu ya ndizi, tukamrukia shingoni. Jioni ile ile rafiki zake wakaja kumpokea, mlango ukafungwa, nami nikawasha sigara sita. Kabla ubwabwa haujaiva nilikuwa sakafuni, mdomo wazi kama samaki, midomo ya rangi ya majivu. Tate akasema kuna mtu wa Kibombo ameweka kitu cha uchawi katika mfuko wa baba.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kasai, mke wa karani, akaingia bila kubisha, mchi wa sombe bado mkononi.

"Baba, weye kila siku unapangusa masizi ya masini ipate kupumua. Ya huyu mutoto, nani atapangusa? Burashi yako itaingilia wapi?"

"Mama, kaa na sombe yako," baba akamjibu.

"Sombe yangu haikohozeshe mutoto wa mutu!"

Baba akakasirika, akamwambia atoke. Alitoka, lakini maneno yake yalibaki. Kesho yake mama yangu, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akimkata baba neno, alimwekea chai mbele akasema hivi: "Lori ya chumvi inaenda Kampene baada ya majuma mawili. Sigara ikibaki humu, mutoto anaenda kwa dada yangu. Akae kule."

Kampene! Nikalia mpaka nikakohoa tena. Masista walikuwa wamenikubali shuleni, wasichana kumi na wawili tu kwa kambi nzima, na masomo yalianza mwisho wa kiangazi. Nikienda Kampene, shule basi. Baba akaisukuma chai pembeni. "Inabaki mutoto," akasema. "Sigara inatoka."

Utafikiri ni rahisi. Siku ya kwanza alitafuna kokwa za kola mpaka meno yakawa ya manjano. Siku ya pili aligombana na bata. Siku ya tatu alikula miwa kuanzia filimbi ya asubuhi mpaka filimbi ya jioni, akamwambia tate kwamba ubwabwa wake una mawe, tate akanuna siku nne. Na sisi watoto, ee, tulifurahi kama watu wa sikukuu! Niliwapanga walinzi: mmoja lango la depo, mmoja nyuma ya vyoo, mmoja bandarini, kila mmoja na kopo tupu la maziwa na kijiti. Ukimwona baba ana sigara, piga kopo.

Siku ya kumi na mbili kopo la bandarini likalia. Tulikimbia wote, vumbi nyuma yetu. Baba alikuwa amejificha katikati ya magunia ya mpunga yaliyongoja meli, amechuchumaa, na moshi unapanda juu ya magunia polepole. Lakini mlinzi wa bandari aliuona kabla yetu. "Mupunga inaungua!" akapiga ukelele, akachota ndoo Lualaba, akaimwaga yote kwa kishindo. Baba yangu akainuka toka kwenye magunia, ameloa mwili mzima, sigara imeshikamana na kidevu kama ruba. Wapakiaji walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi nilicheka pia. Halafu nikaona uso wake.

Tulirudi nyumbani, mama ameshasikia. Alichukua kikapu, akaanza kukunja magauni yangu. Nilikuwa nayo mawili. Alikunja taratibu kama yalikuwa ishirini. Lori ilikuwa ya kesho kutwa.

Kesho yake baada ya kazi rafiki za baba wakaja, kama kawaida, kapita mbele. Akakaa katika kiti chake chenye mikono, akatoa sigara, akaninyooshea bila kuniangalia. "Mama, washa." Nami nikaipokea. Ungefanya nini? Mkubwa amekuagiza. Nilikuwa nimefika mlango wa jikoni niliposikia kiti cha baba kikisogea. Alinifikia kwa hatua mbili, akatoa sigara katika vidole vyangu, akamrudishia kapita kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Mutoto wangu hawashe tena, mukubwa. Na humu hawavute tena."

Kumnyima mgeni moto kwetu ni tusi, na mgeni huyu ndiye aliyeandika majina ya watu wa kazi.

"Unanifukuza? Mimi mukubwa wako?"

"Hapana, mukubwa. Nafukuza moshi. Kama weye na moshi mumekuja pamoja, mimi nitafanya je?"

"Nikiinuka hapa sirudi."

"Usiinuke basi."

Akainama, baba yangu mwembamba, akashika kiti kwa mikono yake, akakinyanyua pamoja na kapita! Mtu mnene vile! Mishipa ya shingo ilimtoka kama kamba za meli. Kapita alishika mikono ya kiti kwa nguvu, miguu inaning'inia, anasema "Wee! Wee! Utaniangusha!" mpaka wakapita mlangoni, baba akamweka chini inje, kwenye upepo, taratibu kama yai. Mama wa Kasai akapiga vigelegele, kambi nzima ikaitika. Kapita alikaa pale uso umevimba. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, tukaona anacheka. "Basi, leteni na chai inje," akasema.

Lori ya chumvi ilipita kesho yake ikipiga honi kambini, na mama alikuwa anatundika magauni yangu.

Sasa nyumba zile zimebomolewa. Mama wa Kasai alirudi kwao, tate tumemzika, akiamini mpaka mwisho kwamba baba alikuwa na moshi wenye dawa na ameutupa bure. Makopo ya walinzi wangu yameliwa na kutu. Lakini kifua changu hakikubomolewa. Kiangazi kikileta vumbi kinapiga filimbi ile ile, na nikimbeba mtoto kupanda kutoka mtoni napumzika mara mbili. Watu wananiambia nina hasira nyingi. Ninayo! Nimeipata kwa kuvuta pumzi.

Baba hakuniomba msamaha hata siku moja. Akina baba wa zamani hawakujua mlango wa msamaha. Ila siku nilipopewa cheti cha ualimu, kwa masista, tulisimama wasichana wanne mbele ya watu kuimba. Ubeti wa pili pumzi ilinikatika. Midomo yangu ilifunguka, sauti haikutoka. Nikamwona baba nyuma kabisa, kati ya wanaume, kofia kifuani. Alikuwa amejaza hewa mpaka mabega yamepanda, mashavu yamevimba, macho kwangu, ameizuia, ameizuia, kama mtu anayetaka kunirushia. Hakuitoa mpaka nilipoimba.